Haki ya Kuelezwa Sababu: Mwongozo wa Kutumia Sheria ya Uwazi katika Usimamizi wa Maudhui Mtandaoni

Sheria za uwazi katika usimamizi wa maudhui hazimwambii mwenye jukwaa kitu gani akifute na kipi akiache. Zinamtaka, pale anapofuta, aseme amefuta nini, kwa kanuni ipi, kwa uamuzi wa binadamu au wa mashine, na aliyefutiwa apeleke wapi malalamiko yake. Tofauti hiyo huwapotezea wengi muda, kwa kuwa mtu aliyefungiwa akaunti huikimbilia sheria akitarajia kurudishiwa akaunti yake siku hiyohiyo, ilhali kitu cha kwanza anachopewa na sheria ni maelezo tu, na maelezo hayo humfaa yule anayejua kuyasoma, kuyahifadhi na kuyajibu kabla muda haujapita.

Sheria inayozungumziwa hapa ni Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo kwa jina la kiofisi ni Kanuni namba 2022/2065. Ilitiwa saini Oktoba 2022, ikaanza kuyabana majukwaa makubwa sana mwishoni mwa Agosti 2023, na tangu tarehe 17 Februari 2024 inawahusu watoa huduma wote waliokusudiwa. Jukwaa kubwa sana, kwa maana ya sheria hii, ni lile linalotumiwa kila mwezi na wastani wa watu wasiopungua milioni 45 ndani ya Umoja wa Ulaya, yaani takriban mtu 1 kati ya kila 10. Facebook, Instagram, TikTok, YouTube na X ni miongoni mwa majukwaa yaliyotangazwa kuwa na ukubwa huo mapema kabisa, Aprili 2023. Kampuni ndogo, zenye wafanyakazi chini ya 50 na mapato ya mwaka yasiyozidi euro milioni 10, zimesamehewa sehemu kubwa ya masharti, ingawa hata hizo, maadamu zinahifadhi maudhui ya watu wengine, hazikuondolewa wajibu wa kutoa sababu.

Usimamizi wa maudhui ni neno pana kuliko kufuta. Linajumuisha kazi yote ya kutafuta, kutambua na kushughulikia kile ambacho jukwaa linaona ni kinyume cha sheria za nchi au kinyume cha masharti yake lenyewe, na hatua inayochukuliwa inaweza kuwa ya wazi, kama posti kuondolewa au akaunti kufungiwa, au ya chinichini, kama posti kuachwa mahali pake lakini isipelekwe kwenye kurasa za wafuasi, kufichwa katika nchi moja na kuonekana katika nyingine, au kukatiwa mapato ya matangazo. Hatua hizi za chinichini ndizo zilizolalamikiwa kwa miaka mingi bila ushahidi, kwa sababu mwenye posti aliona tu kwamba watu wamepungua, asijue kama wamechoka naye au wamezibiwa njia. Sheria ya Ulaya imezihesabu zote kuwa vizuizi vinavyodai maelezo.

Anayelindwa hapa hutambuliwa kwa mahali alipo. Uraia wake haupimwi, wala haijalishi makao makuu ya kampuni yako bara gani. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesoma Hamburg au kufanya kazi Stockholm ana haki sawa na jirani yake Mjerumani au Mswidi, wakati ndugu yake aliyeko Tanga hana haki hizo kisheria, hata kama wawili hao wako kwenye kundi moja na wamefutiwa picha ileile. Anayeishi Uingereza naye yuko nje ya sheria hii, kwa kuwa nchi hiyo ilijitoa katika Umoja na mwaka 2023 ikatunga sheria yake ya usalama mtandaoni yenye utaratibu tofauti.

Hatua ya kwanza kwa mtumiaji ni kuikagua taarifa ya sababu, yaani ujumbe ambao jukwaa linalazimika kumpelekea linapomwekea kizuizi. Ibara ya 17 inataka ujumbe huo uwe mahususi na wa wazi, na iko wazi pia kuhusu yanayopaswa kuwemo: aina ya kizuizi, eneo kinalolihusu na muda wake, mambo yaliyotokea na yaliyofanya uamuzi uchukuliwe, pamoja na kusema kama kuna mtu aliyeripoti au jukwaa limejionea lenyewe, iwapo mashine ilitumika kugundua au kuamua, kifungu cha sheria au cha masharti kinachodaiwa kuvunjwa, na jinsi posti ilivyokivunja, na hatimaye njia za kukata rufaa. Wajibu huu una mipaka yake, kwani hauhusu matangazo ya biashara ya udanganyifu yanayomwagwa kwa wingi, wala jukwaa haliwezi kulaumiwa kwa kutomjulisha mtu ambaye halina anwani yake ya mawasiliano ya kielektroniki. Kwa hiyo mwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya zamani, ambayo neno lake la siri limesahaulika, anaweza kuikosa taarifa hiyo, na inampasa airekebishe anwani hiyo kabla ya kupatwa na tatizo lolote.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha namna ya kukagua. Tuseme shabiki wa soka anayeishi Hamburg ameandika, asubuhi ya mechi ya watani wa jadi wa Dar es Salaam, maneno haya: «Leo Mnyama anachinja mtu kwa Mkapa, hakuna atakayebaki.» Kila mfuatiliaji wa ligi ya Tanzania anajua kwamba Mnyama ni klabu ya Simba, kwamba kwa Mkapa ni uwanjani, na kwamba kuchinja ni kufunga mabao. Programu iliyofundishwa Kiswahili cha juujuu huona kitenzi cha kuchinja kikifuatwa na nomino ya mtu, kisha mahali, kisha tishio la kutobakiza yeyote, na saa moja baadaye mwenye posti anapokea ujumbe: «Tumeondoa maudhui yako kwa sababu yanakiuka kanuni zetu za jamii kuhusu ukatili na uchochezi.»

Ujumbe huo ukiwekwa kando ya Ibara ya 17, upungufu wake unahesabika. Kanuni imetajwa kwa jina la sura nzima, bila kuonyesha ni kifungu gani ndani ya sura hiyo, na pia bila maelezo ya jinsi sentensi ile ilivyokigusa. Haijasemwa kama kuna mtu aliyeripoti. Kuhusu mashine, ujumbe uko kimya, ingawa kwa mwenye posti hilo ndilo swali kubwa, kwani msomaji wa kibinadamu anayekijua Kiswahili cha mpirani asingeona uchochezi wowote. Eneo na muda navyo havipo, kwa hiyo haijulikani kama posti imefutwa duniani kote au imefichwa Ulaya tu. Mtumiaji anayeweza kuandika orodha hii ya mapungufu ana hoja mbili mkononi: ya kwanza ni kwamba uamuzi wenyewe ni mbaya, na ya pili ni kwamba, hata ungekuwa mzuri, umetolewa kinyume cha utaratibu. Hoja ya pili haitegemei tafsiri ya Kiswahili, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuithibitisha mbele ya mtu asiyeijua lugha.

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, ujumbe wa jukwaa unapaswa kupigwa picha ya skrini pamoja na tarehe na saa, na vivyo hivyo posti yenyewe ikiwa bado inaonekana kwa mwenyewe, maoni yaliyofuata chini yake, na ukurasa wa masharti kama ulivyosomeka siku hiyo, kwani masharti hubadilishwa. Majukwaa mengi hukiweka kitufe cha rufaa kwenye ukurasa ambao, ukishapitwa, hauonekani tena kwa urahisi, na watu wengi wamepoteza ushahidi kwa sababu tu walikubali kosa haraka ili akaunti ifunguke. Kukubali si dhambi, lakini kunafaa kufanywa baada ya picha kuhifadhiwa.

Malalamiko ya ndani ya jukwaa ndiyo njia inayofuata. Ni bure, hupelekwa kwa njia ya kielektroniki, na mlango wake lazima ubaki wazi kwa miezi isiyopungua 6 tangu mtumiaji alipojulishwa uamuzi. Sheria inasema pia kwamba jibu haliwezi kutolewa na mashine peke yake, bali lazima lisimamiwe na wafanyakazi wenye sifa zinazofaa, na ni busara kulitaja sharti hilo ndani ya malalamiko yenyewe. Malalamiko mazuri ni mafupi: yanataja posti kwa tarehe, yananukuu ujumbe wa jukwaa neno kwa neno, yanaonyesha kilichokosekana, kisha yanaeleza maana. Kwa mfano wa shabiki yule, maelezo ya maana yanaweza kuwa hivi: «Katika Kiswahili cha soka, kitenzi kuchinja kina maana ya kufunga kwa mabao mengi. Mnyama ni jina la utani la klabu ya Simba, na kwa Mkapa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambako mechi ilichezwa siku hiyohiyo. Naomba posti isomwe na mtu anayekijua Kiswahili, na nielezwe kama uamuzi wa kwanza ulifanywa na mashine.» Mwandishi wa malalamiko aandike maneno hayo kwa Kiingereza au kwa lugha ya nchi anakoishi, aibakize sentensi ya Kiswahili kama ilivyo, na kuweka tafsiri ya neno kwa neno kando ya tafsiri ya maana, ili anayesoma aone mwenyewe mashine ilikojikwaa. Matusi hayasaidii, na barua ndefu kuhusu uhuru wa maoni husomwa mara chache.

Fomu yenyewe inaweza kuwa kikwazo. Oktoba 2025 Kamisheni ya Ulaya, ambayo ndiyo msimamizi mkuu wa majukwaa makubwa sana, ilitoa matokeo ya awali, yaani maoni ambayo bado si hukumu, kwamba utaratibu wa rufaa wa Facebook na Instagram haumpi mtumiaji nafasi ya kutosha ya kueleza hoja zake au kuambatisha ushahidi. Mtumiaji anayekutana na fomu isiyo na kisanduku cha maelezo anapaswa kuipiga picha kama ilivyo, kwa sababu kukosekana kwa kisanduku ni sehemu ya malalamiko yake katika ngazi inayofuata.

Ngazi hiyo ni chombo cha usuluhishi nje ya mahakama, kilichothibitishwa na mratibu wa huduma za kidijitali, yaani mamlaka ya nchi iliyopewa kazi ya kuisimamia sheria hii. Kamisheni huchapisha orodha ya vyombo hivyo pamoja na lugha na aina za migogoro vinazoshughulikia. Appeals Centre Europe, chenye makao Dublin, ni kimojawapo. Mtumiaji halipi kitu, au hulipa kiasi kidogo cha alama tu, na akishinda jukwaa hubeba ada zote; akishindwa hatozwi gharama za jukwaa isipokuwa imeonekana wazi kwamba alikuja kwa nia mbaya. Uamuzi unatakiwa ndani ya siku 90, ambazo kwa migogoro migumu sana zinaweza kufika 180. Udhaifu wake, ambao mtumiaji afadhali aujue mapema kuliko kuugundua mwishoni, ni kwamba uamuzi huo haulifungi jukwaa: linalazimika kushiriki kwa nia njema, halilazimiki kutii. Mahakama hubaki wazi wakati wote.

Kosa la utaratibu, kama ile taarifa ya sababu iliyojaa mapengo, lina njia yake nyingine, nayo ni malalamiko kwa mratibu wa nchi anakoishi mtumiaji. Ujerumani ni Bundesnetzagentur, Ufaransa ni Arcom, Ireland ni Coimisiún na Meán. Kwa kuwa makampuni mengi makubwa yamejisajili Ireland, faili nyingi huishia Dublin, na mlalamikaji wa Hamburg asishangae akiambiwa suala lake limehamishiwa huko. Mratibu harudishi posti ya mtu mmoja; anachotafuta ni mwenendo, na malalamiko 100 yanayofanana yana uzito ambao moja halina. Adhabu inaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote. Uamuzi wa kwanza wa kutoza faini chini ya sheria hii, euro milioni 120 dhidi ya X mwezi Desemba 2025, haukuhusu posti yoyote iliyofutwa au iliyoachwa: ulihusu alama ya bluu iliyoonekana kuwapotosha watumiaji, kumbukumbu ya matangazo isiyokidhi matakwa ya uwazi, na watafiti kunyimwa data.

Anayetaka kuripoti maudhui ya mwingine, kwa upande wake, azingatie kwamba majukwaa mengi yana milango miwili inayofanana kwa sura. Mmoja ni wa kuripoti ukiukaji wa kanuni za jukwaa. Mwingine ni wa kutoa taarifa kwamba maudhui ni haramu kisheria, na huu wa pili ndio unaomlazimisha mwenye jukwaa kumthibitishia mtoa taarifa kwamba ameipokea, kumpa uamuzi na kumweleza njia za kuupinga. Ujerumani ilijifunza jambo hili kwa taabu. Sheria yake ya mwaka 2017, iliyojulikana kwa kifupi kama NetzDG na ambayo sehemu yake kubwa ilifutwa mwaka 2024, ilidai ripoti kila baada ya miezi 6 kutoka kwa mitandao iliyopokea zaidi ya malalamiko 100 kwa mwaka. Julai 2019 Facebook ilitozwa faini ya euro milioni 2 kwa sababu, kwa maoni ya mamlaka, ripoti yake ilihesabu sehemu tu ya malalamiko, huku fomu ya kisheria ikiwa imefichika na watu wakielekezwa zaidi kwenye kitufe cha kawaida. Malalamiko yaliyopita mlango usio sahihi hayakuingia kwenye hesabu, na ripoti ikatoka ikiwa safi. Anayeripoti tishio la kweli achague mlango wa sheria, ataje kiungo kamili cha ukurasa husika, aeleze kwa nini anaona ni haramu, na atunze risiti.

Ripoti za uwazi zenyewe, ambazo majukwaa makubwa sana hutoa mara 2 kwa mwaka na mengine mara 1, zinasomeka na mtu yeyote popote alipo, na huu ni utajiri ambao waandishi wa habari wa Kiswahili hawajautumia vya kutosha. Msomaji apite haraka juu ya tarakimu kubwa za ukurasa wa kwanza, kwani idadi ya posti zilizofutwa haisemi kama zilistahili kufutwa. Atafute kwanza idadi ya malalamiko, kisha idadi ya maamuzi yaliyotenguliwa, na hata hapo asiharakishe. Ikiwa posti 1,000 zimefutwa, wenyewe 50 wakalalamika, na 20 wakarudishiwa, mtu anaweza kuandika kwamba jukwaa hukosea kwa asilimia 40, na msemaji wa kampuni anaweza kujibu kwamba hukosea kwa asilimia 2. Wote wawili wamekosa, maana hakuna ajuaye ni wangapi kati ya wale 950 walionyamaza kwa kutojua, kwa uvivu, au kwa sababu kweli walikuwa na hatia. Muda wa kushughulikia malalamiko nao hutolewa kwa wastani wa kati, yaani muda wa lalamiko lililo katikati pale yote yanapopangwa kuanzia lililojibiwa upesi hadi lililochelewa kuliko yote, na kipimo hicho huficha mkia wa wale waliosubiri wiki nyingi.

Sehemu yenye maana zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni jedwali la lugha. Ibara ya 42 inayataka majukwaa makubwa sana yaonyeshe watu walioajiriwa kusimamia maudhui, sifa zao na ujuzi wao wa lugha, pamoja na vipimo vya usahihi wa mashine, vyote vikichambuliwa kwa kila lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Lugha hizo ni 24, na Kiswahili hakimo. Hivyo Kimalta, chenye wasemaji wachache kuliko wakazi wa wilaya moja ya Dar es Salaam, kina safu yake, wakati lugha ya makumi ya mamilioni inabaki nje ya jedwali, na mtumiaji wa Hamburg ana haki ya kuelezwa sababu lakini hana mahali pa kusoma ni watu wangapi, kama wapo, waliowekwa kusoma lugha yake. Swali hilo linaweza kuwekwa ndani ya malalamiko ya mtu binafsi, na linafaa zaidi likiulizwa na vyama vya Waswahili wa ughaibuni kwa mratibu wa nchi wanakoishi.

Pamoja na ripoti hizo ipo hazina ya data ya taarifa za sababu, inayoendeshwa na Kamisheni tangu Septemba 2023, ambamo majukwaa hupeleka nakala za taarifa hizo zikiwa zimeondolewa utambulisho wa mtu. Ina mabilioni ya maingizo, na anayeitafuta posti yake humo atachoka bure. Ni chombo cha kulinganisha jukwaa na jukwaa, au mwezi wa uchaguzi na mwezi wa kawaida.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, njia ni finyu zaidi lakini zipo. Azimio la Misingi ya Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Habari barani Afrika, lililopitishwa na Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2019, linazitaka serikali ziwadai watoa huduma wa mtandaoni uwazi kuhusu maombi ya kuondoa maudhui na njia za rufaa, ila azimio halina nguvu ya sheria ya nchi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania, za mwaka 2020 zilizochukua nafasi ya zile za 2018, zimeelemea upande wa nini kiondolewe. Na sehemu kubwa ya kinachojulikana hadharani kuhusu watu wanaosoma maudhui ya lugha za Kiafrika kwa niaba ya majukwaa imetoka kwenye kesi zilizofunguliwa Nairobi tangu mwaka 2022 na waliokuwa wakiifanya kazi hiyo, kabla ya kutoka kwenye ripoti yoyote ya kampuni.

Mkenya ana kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kinachompa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo unamwathiri kisheria au kwa kiasi kikubwa, na haki ya kuomba uangaliwe upya. Posti moja ya utani huenda isifike kiwango hicho, lakini akaunti ya muuza mitumba anayepata wateja wake wote mtandaoni ina nafasi nzuri zaidi ya kufika. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 humruhusu pia raia kudai habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine, zikiwa zinahitajika kulinda haki yake. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa uamuzi wa mashine, na malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Katika nchi zote mbili barua ianzie kwa kampuni yenyewe, ikieleza tarehe ya kufungiwa, mapato yaliyopotea kwa siku, ujumbe uliopokewa, na ombi moja tu lililo wazi: uamuzi uangaliwe upya na mtu anayeijua lugha ya posti. Kampuni isipojibu, barua hiyo na picha za skrini ndizo zinazoambatishwa kwenye malalamiko kwa Kamishna wa Data nchini Kenya au kwa Tume nchini Tanzania.